Madirisha Niliyoyashonea

Mwanangu wa kwanza tunamwita Mwenyekiti, na si kwa sababu ana cheo popote. Tangu utotoni hakuweza kuanza kula kabla hajahakikisha nani amenawa mikono na nani bado. Jumapili ile aliingia sebuleni kwangu, akajiweka kwenye kiti cha marehemu baba yake bila kuulizwa, akakohoa, akatangaza kwamba kikao kimefunguliwa.

"Kikao cha nini?" nikauliza, ingawa nilijua fika.

"Mama, tafadhali. Utapewa nafasi yako."

Nafasi yangu! Ndani ya nyumba yangu, juu ya kochi ambalo vitambaa vyake nimevishona kwa mkono wangu. Nilitaka kumpa jibu lake, lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, kifundo kimefungwa bendeji, na mtu mwenye mguu juu ya kigoda hana nguvu kikaoni. Kando yangu alikaa binti yangu, mfamasia, ambaye hata chai huikoroga kama anachanganya dawa. Mkabala nami alikaa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyealikwa ili uamuzi uwe na uzito wa mtu mzima. Uzito alikuwa nao. Kochi lilikuwa likilia kila akigeuka.

"Ajenda ni moja tu," alisema Mwenyekiti. "Safari za mama zimefika mwisho. Jumamosi gari linakuja kubeba vitu vyake, anahamia kwangu. Tunachojadili hapa ni utaratibu."

Jumamosi! Alikuwa anaijua Jumamosi ile vizuri. Nilikuwa nimemwambia, nikarudia, kwamba siku hiyo nina safari isiyoahirishika. Kuna ukumbi wa maonyesho katika mji wa pili kutoka hapa, na pazia lake jekundu la jukwaani nililishona mimi na wenzangu zamani. Sasa linashushwa, wanaweka la umeme, na Jumamosi ndiyo siku ya mwisho litakuwa bado limetundikwa. Pazia lile sijawahi kuliona likiwa limesimama. Nililiona likiwa limelala sakafuni tu, sisi tukitambaa juu yake na sindano.

"Jumamosi sipo," nikasema.

"Ndiyo maana tumekutana, mama."

Niwaeleze kwanza safari zangu zilikotoka, maana wanangu hupenda kusimulia kana kwamba bibi mzima aliamka siku moja akili zimeruka. Maisha yangu yote ya kazi nilishona mapazia, na si ya majirani. Karakana yetu ilishona mapazia ya mahoteli, ya hospitali, ya mabehewa ya treni, ya kumbi. Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mpimaji alikwenda na futi yake, akapima dirisha, akarudi na vipimo. Sisi wanawake tukakata na kushona. Kisha mtundikaji akapakia mapazia kwenye gari, akaenda kuyatundika. Mpimaji alikuwa mwanamume, mtundikaji mwanamume, na wakirudi walikuwa na vumbi la barabarani kwenye viatu na hadithi za kututambia. Aliyepima alikwenda, aliyetundika alikwenda, aliyeshona alibaki.

Nilimwomba tajiri wetu aniruhusu niende hata mara moja, nione. Alicheka mpaka akavua miwani. "Ukienda wewe, nani atashona?" Basi nikabaki. Niliyajua madirisha ya nchi nzima kwa upana na urefu, na sikujua hata moja linatazama wapi. Siku ya kustaafu alinizawadia saa ya ukutani. Nilimpa mlinzi wa getini ile saa, nikaenda moja kwa moja kukata tiketi. Sikutaka kutazama muda ukipita ukutani.

Tangu siku hiyo umepita mwaka, na mwaka wote huo nilikuwa njiani. Nilikwenda kuyaona madirisha yangu.

"Mwaka mzima hukamatiki," Mwenyekiti alikuwa anasema. "Nikikupigia, uko mlimani. Nikikupigia tena, uko ziwani, simu inakatika, nabaki roho juu. Na sasa hili la kuanguka. Mama, mtu wa umri wako anapanda kitanda cha juu cha treni kufanya nini?"

"Kulala."

Shemeji alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Si jambo la mzaha, baba mdogo," alisema binti yangu kwa upole wake. "Kazini nawaona. Wazee wanaanguka mara moja tu, na hawarudi walivyokuwa. Mama, mimi sikukatazi kwa ubaya. Naogopa."

Hilo liliniuma kuliko hotuba yote ya kaka yake, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nami niliogopa pale nilipoteleza kwenye ngazi ya kitanda. Nililala chini kwenye korido ya behewa, nikatazama balbu, nikajiuliza kama ndiyo mwisho wangu umefika. Lakini mtu anaweza kuogopa na bado akataka.

Mwenyekiti alitoa simu yake akanionyesha picha za chumba alichoniandalia. Sitamsingizia, alijitahidi. Kitanda kipya, zulia, kabati lenye kioo, hata ndoo ndogo ya taka yenye mfuniko. Nilitazama picha moja baada ya nyingine nikitafuta kitu kimoja.

"Hilo dirisha linatazama wapi?"

Alisita. "Linatazama ukuta wa jirani. Lakini ni ukuta mpya, mama. Wameupaka rangi juzi tu."

"Rangi gani?"

"Kijivu."

Nilimrudishia simu yake.

"Sawa," alisema haraka haraka, "mama ana dakika tano za kujieleza."

Kujieleza ni neno la mwizi aliyekamatwa. Lakini nilikuwa nimengoja mtu aniulize kwa mwaka mzima, na hakuna aliyeuliza. Waliuliza nimekula, nimelala wapi, nina dawa za kutosha. Hakuna aliyesema, mama, umeona nini? Kwa hiyo hizo dakika tano nilizipokea kwa mikono miwili, nikazitumia ninavyotaka, na zilipokwisha sikujua na wala sikujali.

"Tuanze na treni, kwa kuwa ndiyo kosa langu," nikasema. "Mapazia ya vile vitanda ni mafupi, ya kijani, yana pete za shaba. Nimeyashona mengi hata pete zake nilikuwa nazisikia usingizini. Kitanda cha juu kina kidirisha chake peke yake, na kipimo chake kilikuwa kinatushangaza karakana nzima. Tulikuwa tukisema, nani anatazama kupitia kitundu kama hiki? Basi ni mimi. Kulipopambazuka nilivuta pazia kwa vidole viwili, hivi, nikaona tambarare yote imejaa maji ya mvua, na ng'ombe wamesimama ndani yake, wametulia, kama watu waliofika mapema kwenye shughuli. Kwa hilo niliteguka mguu. Ningeweza kuteguka bafuni kwako, nikitazama ndoo ya taka."

"Mama!"

"Dakika ni zangu. Pili, hoteli ya mlimani. Walituagizia mapazia mazito yenye bitana ya sufu, sindano zilikuwa zinakatika, tukamlaani huyo mteja na ukoo wake. Nilipofika nikajua kwa nini. Baridi ya kule inaingia hadi kwenye meno. Asubuhi nikafungua pazia, nikakuta mlima umekaa dirishani. Hakuna anga, hakuna miti, ni mlima tu umejaza dirisha lote, na kilele kina weupe. Nilirudi nyuma nikakaa kitandani. Kisha nikakasirika, nawaambieni kweli, nikakasirika hadi machozi. Mpimaji wetu alisimama dirishani pale pale. Aliuona mlima ule. Akarudi karakana akatuambia, futi kumi kwa nane."

Shemeji alikuwa ameacha kugeuka geuka.

Nikawasimulia ile hoteli kubwa ya mjini, yenye wabeba mizigo waliovaa glavu. Mapazia yake yalikuwa ya hariri, na kamba za dhahabu zenye vishada, kazi iliyotutoa jasho karakana nzima. Nililala pale usiku mmoja, nimevaa gauni langu la kuendea harusi za watu ili wasinifukuze mapokezi. Nikafungua pazia kwa mikono yote miwili kama malkia, na mbele yangu kukawa na mabomba ya maji machafu ya jengo la pili, yamejipanga, moja linavuja. Hariri yote ile ilikuwa ya kuficha vyoo! Nilicheka hadi mhudumu akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Ile nayo naiweka katika safari zangu bora, na atakayebisha abishe.

Nikawasimulia wodi ya wazazi katika hospitali moja ndogo, ambako mapazia ya buluu hutenganisha vitanda. Muuguzi aliniuliza nimemfuata mgonjwa gani. Nikamwambia nimefuata pazia. Alinitazama kama mtu anayefikiria wodi nyingine ya kunipeleka, kisha nikamwonyesha pindo moja lililofumuka, nikatoa sindano mkobani, nikalishona pale pale nikiwa nimepiga magoti. Nyuma ya pazia mama kijana alikuwa amelala na mtoto mwenye umri wa asubuhi moja. Aliniomba nimshike ili anywe uji. Nilishona pazia lile nikidhani ni kitambaa tu, kumbe watu wanazaliwa nyuma yake.

"Mama, muda," alisema Mwenyekiti, lakini kwa sauti ya chini.

"Bado moja. Hii si yako, ni ya mdogo wako."

Binti yangu aliinua uso. Nilijua kwamba nikilitaja lile jambo nitamgusa mahali ambapo hajaguswa tangu ana miaka ya shule, na nusura niliache.

Akiwa msichana, wakati wa likizo, alikuwa akija karakana kunisaidia. Alikuwa na mkono mzuri wa mkasi, mzuri kuliko wangu. Siku moja tulipewa kitambaa cha nyumba ya wageni ya ziwani, kitambaa cheupe chenye ndege wa bluu wanaoruka. Kitambaa cha namna hiyo kina kichwa na miguu, lazima ukikate kikiwa kimetazama upande mmoja. Yeye akakata kipande cha kushoto kikiwa kimegeuka. Tukashona, tukapiga pasi, tukakunja, hakuna aliyeona, maana pazia la kukunjwa halionyeshi kitu. Mtundikaji ndiye aliyegundua, tayari yuko juu ya ngazi. Ndege wa kulia wanaruka kwenda juu, ndege wa kushoto wamepinduka, wanaanguka kichwa chini. Wageni wa kwanza walikuwa wanaingia siku hiyo hiyo, kwa hiyo aliyaacha. Tajiri alipopata habari alimfokea mtoto mbele ya watu wote, akamwambia asikanyage tena pale, hana jicho. Tangu siku hiyo binti yangu hajagusa mkasi wa kitambaa. Hata kifungo cha shati huniletea mimi. Naye amekuwa mtu wa kuhesabu vidonge mara tatu, na kufunga mlango, na kurudi kuangalia kama ameufunga.

"Nilikwenda kule ziwani," nikamwambia. "Mapazia yako bado yapo."

"Mama, acha," alisema.

"Siachi. Yamepauka kidogo, lakini yapo. Yule mama mwenye nyumba amebadilisha mapazia ya vyumba vyote, hicho kimoja amekataa. Wageni wanakiomba kwa jina, chumba cha ndege. Ameniambia wanawe walikuwa wakilala kitandani kichwa kikiwa upande wa miguu, wananing'iniza vichwa nje ya godoro, wanasema sasa wale wa kushoto ndio wanaoruka sawa. Wamekua hivyo. Mmoja ana watoto sasa na wao wanafanya vile vile. Nami nililala hivyo, na shingo yangu hii. Ziwa lilikuwa juu, mbingu chini, na ndege wako walikuwa wanaruka vizuri kabisa. Mwaka mzima, katika kote nilikokwenda, pale ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Na hakuna aliyeniuliza."

Binti yangu alikuwa anatazama viganja vyake.

"Hiyo treni," shemeji aliuliza taratibu, "ina chakula ndani?"

"Ina behewa zima la chakula, shemeji."

"Ahaa," alisema, akatulia tena.

Mwenyekiti aliona kikao kinamponyoka. "Tumesikia," alisema. "Ni mazuri, mama, sikatai. Lakini mazuri umeshayaona. Tupige kura. Wanaokubali mama ahamie Jumamosi?" Akanyoosha mkono wake. Shemeji naye akanyoosha.

"Asante, baba mdogo."

"Hapana, mimi naomba sukari."

Tukamtazama binti yangu. Mikono yake ilibaki mapajani. "Yangu naishikilia kwanza," alisema.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi sina kura?"

"Mama," alisema Mwenyekiti, na alikuwa anasema kwa moyo safi, hilo ndilo lililoniudhi zaidi, "wewe ndiyo ajenda."

Nilishusha mguu kwenye kigoda. Nikashika mkono wa kochi, nikajiinua. Kifundo kiliniambia maneno yake, nami nikakijibu moyoni. Nikasimama wima katikati ya sebule yangu.

"Basi ajenda imesimama," nikasema. "Na ajenda inakwenda jikoni kuleta sukari."

Nikiwa jikoni nilimsikia akisema kwa hasira kwamba kura au si kura, yeye ndiye mkubwa, gari limeshalipiwa, Jumamosi asubuhi litakuja. Kisha akaja mlangoni, sauti imeshuka. Ndivyo alivyo. Hufoka kikaoni na hubembeleza jikoni.

"Mama, nielewe. Baba alikufa mimi nikiwa mbali, nilipigiwa simu. Sitaki kupigiwa tena." Akaegemea mlango. "Chumba kile hakina pazia. Nilikuwa nafikiri, ungelishona mwenyewe, kingekuwa chako hasa. Utashona?"

Nilimhurumia. Nilimpenda pale mlangoni, mtu mzima na kitambi chake, anayeogopa simu. Lakini kumpenda mtu si sababu ya kutazama ukuta wake wa kijivu mpaka nife.

"Niletee kipimo," nikasema.

Uso ulimng'aa. "Litakuwa tayari Jumamosi?"

"Nimewahi kuchelewesha pazia?"

Aliondoka akipiga mluzi. Kipimo kilikuja kwenye simu kabla hata ya jioni, kimeandikwa vizuri, upana na urefu, kama vile vya mpimaji wetu wa zamani.

Wiki ile nilishona. Mguu wa kulia ulikuwa haufai, nikakanyaga cherehani kwa wa kushoto, mishono ya mwanzo ikawa inayumba, nikaifumua. Kitambaa nilikitafuta kwa siku mbili nzima madukani, nikichechemea na fimbo, wauzaji wakinipa viti. Sikununua cha kwanza wala cha pili. Nilipokipata nilikijua, nikakilipia bila kupunguziwa bei, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Jumatano jioni binti yangu alipita kuangalia mguu. Alifungua bendeji, akabonyeza hapa na pale, akasema uvimbe umepungua. Kisha akakiona kitambaa mezani, kimetandazwa, bado hakijakatwa. Ndege wa bluu. Si wale wale, hawa walikuwa wanene kidogo.

"Hilo ni la kwa kaka?"

"La kwa kaka yako."

"Kweli bado yapo, mama? Hukutia chumvi?"

"Yapo."

Nilimpa mkasi. Alirudisha mikono nyuma kama nimempa kaa la moto. Nilikaa, nikaanza kutunga uzi kwenye sindano, na kwa macho yangu hiyo ni kazi ya muda mrefu. Baadaye nikasikia ule mlio ninaoujua kuliko mlio wowote duniani, wa mkasi mzuri ukitembea kwenye kitambaa bila kusita. Sikugeuka kutazama. Alipomaliza aliosha mikono, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Jumamosi unatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Nani kasema natoka?"

"Mama."

"Alfajiri."

"Ngazi za treni huzipandi na mguu huo. Nitakuja na gari." Akafunga mlango, halafu akarudi kuangalia kama ameufunga.

Mji ule tulifika jua likiwa limeshapanda. Upande wa mbele wa ukumbi hapakuwa na mtu. Tulizunguka nyuma tukamkuta msimamizi, mzee mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni, anakunja viti vilivyovunjika. Nikamweleza shida yangu. Alituruhusu kuingia, akatuwashia taa.

Lilikuwa limesimama.

Sitaweza kueleza. Jekundu, la mahameli, kutoka darini hadi mbao za jukwaa, mikunjo yake imenyooka kama mvua. Sisi tuliliona vipande vipande, kila mtu na eneo lake la sakafu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tunashona kitu kikubwa namna ile. Nilipanda jukwaani kwa fimbo, binti yangu akinishika kiwiko, nikapita nyuma yake, kwenye giza lenye harufu ya vumbi, nikapapasa hadi kona ya kushoto. Pindo la kule lilishonwa na mwenzangu tuliyemwita Kengele kwa ajili ya kicheko chake. Alikuwa na mimba kubwa, hawezi kupiga magoti, akalishona amelala ubavu. Mishono yake imelala pia, yote, imeinamia upande mmoja. Kengele alitangulia siku nyingi, hakuona hata dirisha moja. Nililishika pindo lile nikaliambia kwamba tumefika.

"Lifungue," nikamwambia msimamizi.

"Mama yangu, hili halifunguliwi bila onyesho. Kamba zenyewe zimezeeka."

"Onyesho lipo."

"La nani?"

"La huyu," alisema binti yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kubishana na mtu mwenye funguo. "Mimi ni mtazamaji. Nakwenda kukaa." Akashuka, nikasikia hatua zake zikienda kwenye viti.

Mzee alinitazama, akatazama fimbo yangu, akatemea viganja mate, akavuta. Pulii za kamba zililia huko juu. Pazia lilisita, kisha likaachana katikati na kuanza kwenda, nusu huku, nusu kule, na mwanga ukaingia miguuni pangu, ukapanda magotini, ukanifika usoni.

Mwaka mzima nilikuwa nauliza dirisha linatazama wapi. Hili lilikuwa linatazama watu. Safu na safu za viti, hadi nyuma kabisa ambako mtu alikuwa ameacha mlango wazi, na nje ya mlango barabara, mama anapita na kapu, fundi baiskeli amekaa kwenye ngazi za ukumbi anakula chungwa. Katikati ya viti vyote vile alikaa binti yangu peke yake, mkoba mapajani. Alianza kupiga makofi. Fundi baiskeli aligeuka, akachungulia, akaona bibi amesimama jukwaani na bendeji, naye akapiga makofi, chungwa likiwa mdomoni. Nililia bila haya yoyote, na pale pale, nikiwa nalia, simu ikaita mfukoni.

"Mama! Mimi na gari tulifika kwako, mlango umefungwa! Jirani kanipa mfuko, ndani kuna pazia!"

"Limetosha?"

"Nini?"

"Nauliza, umelitundika? Limetosha?"

Namjua mwanangu; hawezi kuona kazi iliyo tayari akaiacha. "Nimelitundika," alisema shingo upande. "Limetosha sawasawa. Lakini mama, upande wa kushoto ndege wote wamepinduka. Wako kichwa chini."

Nilimtazama binti yangu kule kwenye viti. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika.

"Lala kichwa kikae upande wa miguu, utawaona sawa," nikasema.

"Nilale mimi? Mama, chumba ni chako! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana pazia, mwanangu. Pazia limekuja. Aliyeshona amekwenda."

Alivuta pumzi ndefu. Nilidhani atafoka, nikajiandaa. "Mguu unauma?" aliuliza.

"Unauma sana."

"Utanipigia ukifika huko mbele?"

"Nitakupigia kila nikifungua dirisha. Nikwambie na linachotazama."

Hakukata simu. Nilimsikia akivua viatu, kisha springi za kitanda kipya zikilia chini yake.

"Mzee wa kamba anauliza alifunge?" binti yangu aliniita kutoka kwenye viti.

"Aliache wazi," nikasema.